Kilicho Juu ya Fundo

Gideoni alipozikwa, ukoo ulikaa kikao Igowole ukaamua: mashina ya mifyulisi, ile miti ya matunda shambani kwake, kwa kuwa yalikuwa ya kienyeji na ya baba yake, ni ya ukoo. Matawi ya kisasa, ambayo mkewe Damari aliyabebesha kwa mkono wake, akiyaunganisha kwenye fundo juu ya mashina hayo, ni ya Damari. Matawi yakiishi, mjane abaki shambani. Yakifa, arithiwe na shemeji yake Anania au afunge virago. Uamuzi wa watu wazima huo, eti!

Anania akangoja sakitu, ile baridi nyeupe ya Julai inayobabua matawi machanga. Damari alijua dawa yake: makopo ya dizeli yawake kati ya mistari, moshi ulale juu ya miti mpaka jua litoke. Majirani walikohoa, wakamlaani. Na mwaka ule mafuta yaliadimika dunia nzima. Ili kupata pipa moja tu, Damari aliuza ng'ombe wake wote.

Alfajiri nyasi zilipoanza kuwa nyeupe, alimkuta Anania amelipindua pipa kwa teke. Ardhi ilikuwa inainywa dizeli yote.

"Shemeji, unaniua!"

"Mimi siui mtu. Baridi ndiyo itaua. Si uliikataa nyumba yangu wewe?"

Damari akamrukia na kisu cha kubebeshea, akampasua shavu hadi fizi zikaonekana. Anania akamkamata nywele, akampigiza uso kwenye pipa, meno yakadondoka. Akamkanyaga tumbo, akamkanyaga tena, kisha akakaa chini kujifuta damu, akidhani kazi imekwisha.

Damari alitambaa hadi jikoni. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa upande wa juu wa shamba, na hewa ya baridi huteremka kuelekea mitini, ikibeba moshi. Gideoni aliijenga mwaka wa harusi yao. Roho ilimuuma kuliko meno. Akachota makaa, akayachomeka kwenye paa.

"Nyumba ya kaka yangu!" Anania akaja mbio kuling'oa paa. Damari akamvunja mkono kwa mpini wa jembe, akaendelea kutupa majani mabichi motoni, na moshi mzito ukateremka juu ya miti.

Jua lilipotoka, wazee wa ukoo walimkuta akipapasa tawi moja baada ya jingine. Kila alipokuta bichi, alilia kwa sauti.

"Na utalala wapi sasa?" mmoja akauliza.

Damari akatema damu. "Hapa hapa. Nani wa kunitoa?"