Mbovu: Sufuri

Saa mbili asubuhi mkaguzi wa ubora alifunga aproni, akachomoa pasi themanini katika shehena ya pasi elfu moja na mia mbili, akazipanga mezani. Themanini ni idadi iliyotajwa na jedwali lililobandikwa ukutani.

Ya kwanza ilikuwa na waya uliochubuka. Alipoishika, waya ukajifunika plastiki taratibu, kama kidonda kinachoota ngozi. Ya pili ilikuwa na ufa kwenye mpini, ufa ukaziba. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwezi wa pili. Kwenye fomu aliandika mbovu, sufuri, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu ya zilizopona.

Meneja alikuwa na habari zote. Kwa kanuni zao, shehena kumi mfululizo zisizo na kasoro zinaruhusu kupunguza sampuli, naye akaipunguza hadi thelathini na mbili. Akampongeza mkaguzi mbele ya wenzake na kumpa mwavuli wenye nembo ya kiwanda.

Wiki hiyo wifi yake mkaguzi, fundi cherehani, alipigwa shoti na pasi mpya ya kiwanda hicho hicho. Mkono wa kulia ukakakamaa. Mkaguzi alipokwenda kumjulia hali alimkuta akijifunza kushika mkasi kwa kushoto. Hakulaumu mtu.

"Wifi," fundi alimuuliza, "kwani pasi hii yangu hukuigusa?"

Kesho yake mkaguzi aliomba aruhusiwe kushika shehena nzima. Alishapiga hesabu, siku tatu zingetosha. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, ukishika zote, hiyo siyo sampuli tena. Hiyo ni kazi."

Mchana mkaguzi akaingia ghalani mwenyewe, akaanza kushika. Alipofika ya mia moja na kumi mlinzi alimtoa nje kwa adabu, akimweleza kwamba kugusa bidhaa bila fomu ni kuvuruga takwimu. Meneja hakumfukuza. Alishusha sampuli hadi tano, ili asichoke.

Jumatatu meneja alimletea pasi ya nyumbani kwake ndani ya mfuko wa nailoni. Mkewe alikuwa anaiogopa.

"Hebu ishike kidogo," alisema.

Mkaguzi alitaka kukataa. Akamfikiria yule mke, akaishika. Nyuma ya meneja alisimama mhasibu na pasi yake, kisha karani wa mauzo na mbili, maana moja ilikuwa ya mama mkwe. Walikaa foleni wakizungumzia mpira, na nje lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala, kupakia.