Jeraniamu Chini ya Taa

Mama mkwe wangu hakuniachia radhi, aliniachia maua. Jeraniamu nyekundu, makasha marefu ya kutundika kwenye roshani, na kila mwaka kabla ya jalidi la kwanza, ile baridi inayogandisha hadi umande, sharti ziingizwe ndani. Hapa Prostějov, mji wetu wa Ucheki, kila mwanamke wa majengo yetu anafanya hivyo. Ukiona Oktoba inakwisha na roshani bado ina maua, ujue mwenye nyumba yuko hospitali au ameshazikwa. Mimi nimeziingiza miaka yote ya ndoa yangu huku nikizilaani. Zinanuka, zinapukutisha majani kwenye zulia, na mwenye nazo hakunipenda hata siku moja. Lakini Vilém, mume wangu, akikaa roshani jioni alikuwa akizichambua majani makavu taratibu, utadhani anamchana mama yake nywele. Ningefanyaje? Niliziacha.

Vilém ametengeneza matrekta maisha yake yote. Alipoanza kulalamika mgongo tukasema ni matrekta. Kumbe ilikuwa kansa, na ilikuwa imeshaingia mifupani. Daktari, mama mmoja mpole mno, mpole hata unatamani akukaripie, alimpa plasta za dawa za kubandika kifuani. Plasta zilimwondolea maumivu, hilo siwezi kukataa. Na yeye mwenyewe pia zikamwondoa. Alikaa kitini akitabasamu na ukuta. Aliniita kwa jina la dada yake. Siku moja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi ndiye nesi wa zamu, nikaenda jikoni nikalia juu ya sinki.

Alipopata fahamu kidogo aliibandua plasta kwa mkono wake mwenyewe.

"Afadhali niumwe nikiwa mimi," alisema.

"Utaumwa mpaka lini?"

"Si muda mrefu, Jarmila. Ndiyo maana nataka niwepo."

Basi akaumwa. Usiku alikuwa anauma mto ili asinisumbue. Mimi nilikuwa naamka hivyo hivyo.

Hapo ndipo alipoingia Lubor wa ghorofa ya chini, aliyefanya kazi na Vilém karakana moja na anayeniita shemeji tangu ujana. Lubor analima bangi ndani ya nyumba, kila mtu anajua, na nusu ya vikongwe wa jengo letu wanajipaka magotini dawa yake ya bangi na mafuta ya nguruwe kisha kanisani wanajifanya hawamjui. Alituletea kidogo, akamfundisha Vilém namna ya kuivuta. Usiku ule Vilém alilala. Asubuhi aliamka akaitukana redio kwa utabiri wa hali ya hewa, akaomba supu ya kitunguu saumu, akaniita kwa jina langu. Sijawahi kufurahia tusi namna ile.

Lakini akiba ya Lubor ilikuwa ya kukwangua, maana mavuno yake yaliota ukungu. Kliniki ya maumivu ya mji wa Brno, ambayo ingeweza kumwandikia bangi halali ya duka la dawa, ilitupa miadi ya masika ya mwaka unaofuata. Masika! Nilimwuliza yule binti kwenye simu kama amesoma faili la mgonjwa. Akasema mfumo ndivyo ulivyo, mama.

"Basi mtalima wenyewe," Lubor alisema. "Mbegu ninazo. Taa ninayo. Kinachotakiwa ni kabati na mtu mwenye subira."

"Kabati lipo," Vilém alisema, akanitazama, akacheka mpaka mgongo ukamkatisha.

Tulianza kiangazi kile. Chumba kidogo alimolala mama mkwe miaka yake ya mwisho kilikuwa kitupu, na kabati lake bado limo. Tuling'oa milango, Lubor akatundika taa na feni, na miche ikapandwa. Mimi mtu wa kanisani, sijawahi kuvuta hata sigara, nikawa mkulima wa bangi ndani ya kabati la mama mkwe. Nilijua angekuwa hai angekufa tena.

Kazi yenyewe si lelemama. Kwanza majani yalilegea, nikamwaga maji. Yakalegea zaidi, nikaongeza. Vijidudu vidogo vyeusi vikaanza kuruka juu ya udongo. Lubor alikuja akatia kidole kwenye chungu.

"Shemeji, umeizamisha. Huu ni mmea, si mgeni wa Krismasi. Si lazima kila ukipita umkaribishe kinywaji."

"Nilidhani ni kiu."

"Ni shibe. Mwache ashinde njaa kidogo, kama ulivyomfanyia mumeo mwaka wa kwanza wa ndoa."

"Mwaka wa kwanza tu?" Vilém aliitikia kutoka sebuleni.

Nikajifunza kusubiri udongo ukauke. Vijidudu vikaisha. Kisha ncha za majani zikaungua kwa sababu nilizidisha mbolea, kisha ikaja harufu. Harufu ya bangi inayochanua haina adabu, inapita chini ya mlango inashuka ngazi. Dawa yake nilikuwa nayo jikoni: kabichi chachu, ambayo ikichemka inafunika harufu zote. Nikapika kabichi chachu kila siku ya Mungu. Mama wa fleti ya jirani akaniuliza kwenye lifti, "Mzee anapenda kabichi siku hizi?" Nikamwambia anapenda sana. Vilém akasema kama kansa itashindwa, kabichi itamaliza kazi.

Mwanzoni mwa Oktoba miche ilikuwa vichaka, na maua yake yalianza kuvimba. Nilikuwa naingia asubuhi kuvitazama kabla hata ya kunywa kahawa. Bangi ya Lubor ilikuwa imebaki vumbi kwenye kopo, tukiipima kwa kijiko, na kuna siku tuliruka. Hesabu yetu ilikuwa moja tu. Vichaka viwahi kabla ya maumivu kumrudisha Vilém kwenye plasta.

Ndipo redio ikatangaza jalidi.

"Mama," Vilém aliniita, hivyo ndivyo anavyoniita akitaka kitu, "maua ya mama uyaingize leo. Usiku huu itaganda."

"Nitayaweka ngazini."

"Ngazini giza. Yaweke chumba kidogo. Taa si inawaka? Mwanga unapotea bure kwenye kuta."

Hapo alinipata. Sisi ni watu ambao hatutupi mkate mkavu wala kamba iliyofunga kifurushi. Umeme unalipiwa, mwanga unamwagika nje ya kabati, halafu maua yafie gizani? Hata mimi niliyeyachukia niliona ni dhambi. Nikayabeba kasha moja moja, nikayapanga sakafuni mbele ya kabati. Chumba kikapendeza, sikatai.

Siku ya kuwakumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba, tulikuwa tumetoka makaburini, mimi na Lubor, mikono bado inanuka mishumaa. Alipanda kuja kuangalia vichaka. Alichukua jani, akaligeuza, akavaa miwani, akaenda nalo dirishani. Hakufanya mzaha, na hapo nikaogopa.

"Jarmila," alisema. Tangu ujana hajawahi kuniita Jarmila. "Umeona hivi vidoa?"

Juu ya jani palikuwa na vidoa vya rangi ya vumbi, vidogo sana. Chini yake, alivyonionyesha kwa lenzi, palikuwa na utitiri, unatembea, na uzi mwembamba kama wa buibui. Kisha Lubor alipiga magoti penye jeraniamu. Akageuza jani la kwanza, la pili. Hakuhitaji lenzi.

"Umetoka huku," alisema. "Na hizi hita zetu ndizo zinauchochea. Unapenda joto kavu."

Hita za majengo yetu zinawashwa kwa mtaa mzima, na ya chumba kile kishikio chake kilivunjika zamani, haizimiki. Nikamwuliza anapulizia nini yeye. Akasema kabla ya maua ungepuliza sabuni, ungepuliza mafuta, lakini sasa imeshachanua. "Chochote utakachopuliza, ndicho Vilém atakachovuta."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo toa chanzo. Ufute jani moja moja kwa kitambaa chenye maji. Na uombe."

Kesho yake asubuhi nilizifunika jeraniamu kwa shuka nikazipitisha sebuleni, kasha moja baada ya jingine. Vilém alikuwa amelala kwa upande, macho wazi.

"Unabeba nini?"

"Nguo chafu."

"Nyingi hivyo?"

"Mgonjwa unachafua."

Nilizimimina kwenye pipa la taka nje, mizizi juu. Nitasema ukweli jinsi ulivyo: sikuhuzunika. Nilikuwa na hasira. Niliona yule bibi kizee amenifuata mpaka kwenye kabati lake, amekuja kumnyima mwanawe usingizi ili tu mimi nishindwe. Niliyakung'uta makasha ukutani mpaka udongo wa mwisho ukatoka, nikapanda juu, nikanawa, nikachukua kitambaa.

Nilifuta majani kutwa nzima, siku baada ya siku, mgongo ukawaka, vidole vikanata. Nilitundika mataulo mabichi kwenye hita. Nilikuwa naimaliza safu ya juu, nikirudi chini utitiri umejaa tena. Vilém wakati huo alikuwa ameacha kuuma mto. Alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto anayejaribu kujizuia, na mimi nilikuwa chumba cha pili nafuta majani. Asubuhi moja, mwanzo wa Desemba, niliingia nikakuta maua yote ya juu yamefungwa kwa utando mweupe, na ndani yake utitiri umejikusanya kwenye ncha, unang'ang'ania kupanda hata pasipokuwa na pa kupanda tena. Lubor alikuja, akatazama, akazima taa.

"Siwezi kuchuma hata kidogo?" nilimwuliza. "Hata hayo ya chini?"

"Atavuta wadudu, shemeji. Kwa mapafu aliyo nayo."

Sikuona haja ya kumficha mume wangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia vyote, kwamba bangi imekwisha, utitiri umeila, na kwamba utitiri ulitoka kwenye maua ya mama yake. Nikamwambia na maua yenyewe nimeyatupa. Nilitarajia anigombeze. Nilitamani.

Alikunja na kukunjua ukingo wa blanketi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nimeyatupa?"

"Nilijua yana utitiri. Tangu Agosti. Niliuona nikichambua majani."

Sikumwelewa. Nikamwuliza kama yuko sawa, kama anajua anasema nini. Alisema hajawahi kuwa sawa zaidi, mgongo unampigia kengele kila dakika ili asisahau yuko wapi.

"Uliuona, halafu ukaniambia niyaweke chumba kile?"

"Ngazini yangekufa kwa giza. Ningekuambia yana wadudu, ungeyatupa siku ile ile. Nilifikiri labda hautavuka mpaka kabatini. Nilifikiri labda nitabahatika."

"Ungelala usingizi, wee mwanamume," nilisema. "Yale maua nayachukia. Unajua nayachukia. Ungekuwa sasa hivi umelala."

"Mimi nitalala tu, Jarmila. Vyovyote vile, kabla ya masika." Alivuta pumzi, akasubiri maumivu yapite. "Nilitaka ubakiwe na yale maua. Ungeyatoa roshani ukiyatukana. Ungeyaingiza ukiyatukana. Ungekuwa na kitu humu ndani cha kugombana nacho."

Nilivaa koti juu ya aproni nikashuka. Nilijua ni ujinga, lori la taka limeshapita sijui mara ngapi tangu siku ile, lakini nilishuka. Niliinama ndani ya pipa, nikapekua maganda ya viazi na magazeti ya watu. Chini ukutani, pale nilipokung'uta makasha, palikuwa na kishina kimoja kimegandana na udongo. Nilikichukua. Kilikuwa cheusi, na nilipokibonyeza kwa kidole kikatoka maji. Mama wa fleti ya jirani alipita na mfuko wake akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia pete.

Jioni ile ile Vilém mwenyewe alisema, "Lete plasta." Hakuniangalia. Nilimfungua shati, nikamsafisha kifua, nikaibandika, nikaishikilia kwa kiganja mpaka ikashika vizuri, kama nesi alivyonifundisha. Nilikishikilia kiganja pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Tuliongea kidogo. Alinitania kuhusu kabichi. Aliniita Jarmila, kisha mama, kisha akanyamaza.

Sasa anakaa kitini karibu na dirisha, haumwi. Daktari anasema tumefanya vizuri, na mimi namtazama tu. Kuna siku mimi ni nesi, kuna siku mimi ni dada yake. Leo theluji ilianza kuanguka mchana, na aliitazama roshani tupu kwa muda, paji la uso limekunjamana, akinyoosha vidole hewani kama anayechambua kitu.

"Nesi," alisema, "maua ya mama yangu, mmeyaingiza? Usiku huu itaganda."

"Tumeyaingiza," nilimwambia. "Yako chumba kidogo, yana mwanga."

"Mke wangu asiyatupe."

"Hatayatupa."

Aliridhika, akafumba macho.