Nywele za Stamat

Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, Tsvetana alikuwa maabara akiosha vichupa kwa asidi, kwa hiyo hakupeleka ngano ya kuchemsha kaburini kwa baba yake. Kabla ya mchana baba yake, mzee Stamat, akaja kuifuata mwenyewe. Aliila akiwa amesimama dirishani, akalalamika kwamba sukari ni kidogo.

"Una nini, mwanangu? Umekunja uso kama mdaiwa."

Tsvetana akamweleza. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi jirani yao Rumyana na binti yake Iskra, mwenye miaka sita. Nywele za Iskra zilikutwa na madini ya risasi mara nne ya kiasi kinachovumilika, na kiwanda cha kuyeyusha risasi, ambacho moshi wake ulikuwa ukitua juu ya nguo za Rumyana kila alipoanika, kiliyakataa majibu. Sababu ilikuwa moja tu. Maabara ilikuwa imeishiwa sampuli rejea, yaani zile nywele ambazo kiasi chake cha risasi kinajulikana kwa hakika, zinazopimwa kwanza ili mashine ijulikane inasema kweli. Nyingine hazikuwa zimeagizwa.

Stamat alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda hicho hadi mapafu yakamshinda. Akavua kofia.

"Nipime mimi. Mimi sibadiliki tena."

Ilikuwa kweli. Nywele zake za utosini na za kisogoni zilitoa namba ileile, na zilizokatwa wiki iliyofuata pia. Kila zilipokatwa ziliota tena kabla hajafika makaburini. Tsvetana alizituma kwenye maabara za miji ya Sofia, Varna na Plovdiv, nazo zote zikarudisha jibu moja. Huko Varna walisema hawajawahi kupata sampuli tulivu namna hiyo, wakaomba nyingine.

Mwanasheria wa kiwanda, Bwana Reindl, Mwaustria aliyejifunza Kibulgaria vitabuni, akaja kujiridhisha. Alimpa Stamat mkono, akaufuta wake kwa leso.

"Mzee, umebadilika tangu ufe?"

Stamat akatikisa kichwa juu na chini.

"Amekiri," alisema Reindl, akafunga mkoba.

"Amekataa!" Tsvetana akamjia juu. "Kwetu hivyo ndivyo tunavyokataa. Miaka yote unakula katika mji huu, hujajua hata hilo?"

Reindl akafikiri kidogo. "Ndiyo maana mhudumu haniletei supu."

Akafungua mkoba tena. Hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu, huyo bwana. Alisema mzee hana kasoro, ila ni mtu mzima, na nywele za mtoto ni laini zaidi, humeng'enyuka kwenye asidi kwa namna yake. Mtoto apimwe kwa rejea ya mtoto. Kikazi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi Tsvetana kuliko yote.

Stamat akavaa kofia yake.

"Watoto wapo huko kwetu," alisema. "Wa mtaa huuhuu."

Jioni alirudi amemshika mkono Zhivko, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwa Rumyana. Jina lake maana yake ni mzima, aliye hai. Alikuwa amekufa majira ya baridi yaliyopita, na daktari akasema ni homa. Rumyana, aliyekuwa kwenye benchi la nje, alimfunga kifungo cha juu cha koti.

"Baridi huko, mwanangu?"

"Kidogo, shangazi."

Zhivko hakupenda mkasi, ikabidi apewe peremende. Nywele zake zikazungushwa kwenye maabara zilezile, zikarudi na jibu moja. Ndipo Iskra akapimwa upya, Stamat akitangulia na Zhivko akifuata. Mashine ikatoa namba ileile ya mwanzo.

Reindl aliilinganisha na ya kwanza, kisha akampongeza Tsvetana kwa kazi safi, na alimaanisha.

"Kiwanda kinaikubali namba hii."

"Na tanuri, litazimwa?"

"Ubishi wetu ulikuwa juu ya namba, Bi Tsvetana."

Tsvetana akatoka nje. Iskra na Zhivko walikuwa wakigombania peremende ya mwisho, na Stamat amesinzia ukutani. Tsvetana alisema alichopaswa kusema, polepole, ili aeleweke.

"Dada Rumyana, mtoto ana risasi mara nne. Sasa hata kiwanda hakibishi."

"Ehe," alisema Rumyana, akajiweka sawa kwenye benchi, mkoba mapajani, akingoja aambiwe yaliyobaki.