Mabonde Mawili Kwenye Boneti

Kwenye ukuta wa gereji ya shangazi yangu kuna kibao cha rangi nyekundu: MKONO WA MWISHO NDIO UNAOJIBU. Kila gari linaloingia hutundikiwa kadi kwenye kioo cha pembeni, na kila anayeligusa, hata kama ni kufungua mlango tu, huandika jina lake na saa. Gari likikutwa na kasoro ambayo halikuja nayo, hakuna maswali mengi. Kadi inasomwa, na mwenye jina la chini kabisa anavua ovaroli na kwenda nyumbani. Gereji inatengeneza gari la watu, yeye anatafuta kazi kwingine. Shangazi aliweka utaratibu huo alipofiwa na mume akaachiwa gereji, kwa sababu mafundi walikuwa wakitupiana mpira mpaka wateja wanazeekea kwenye benchi.

Utaratibu ulikuwa na vituko vyake. Spana, fundi mkuu, alikuwa akimaliza kazi anamwita mwenzake aje aangalie kidogo, ili jina lake lisilale chini. Nyundo, fundi wa bodi, alikuwa akiona gari linakaribia kutoka anatia mikono mifukoni na kuanza kupiga mluzi. Basi anayebaki kufuta kioo cha mbele ni mimi. Jina langu limefunga kadi nyingi kuliko la mtu yeyote, na kwa miaka miwili halikuwahi kunidhuru.

Nilikuwa nafuta vioo na kufua matambara, nikingoja. Shangazi alikuwa ameahidi kwamba Jumatatu inayokuja Spana ataanza kunifundisha injini. Ovaroli yangu mpya, ya kwanza kushonwa kwa kipimo changu, ilikuwa tayari inaning'inia ofisini. Kila nikipita nilikuwa naigusa mkono.

Alhamisi ile mpima viwanja mmoja alileta gari lake dogo jeupe libadilishwe oili na plagi. Ni mtu wa makini. Tulilizunguka gari pamoja, tukaandika mkwaruzo mmoja mlango wa nyuma, boneti safi, akatia sahihi. Saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Nikafuta kioo, nikaandika jina, nikasogea pembeni kukamua tambara. Ndipo simu ya Shangazi ilipolia.

Shangazi hawezi kuzungumza na simu akiwa amesimama. Simu ikilia, akili inakwenda kwa anayepiga, na mwili unabaki peke yake ukitafuta pa kukaa, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Amewahi kukalia betri, amewahi kukalia ndoo ya grisi, na siku moja alikalia miguu ya Nyundo iliyokuwa imechomoza chini ya lori, akamaliza mazungumzo yake yote. Na Shangazi ni mwanamke aliyejaaliwa. Siku ile alikaa kwenye boneti. Bati likasema "bup", taratibu, kama mtu aliyemeza tonge bila kutafuna. Akaongea na mama yangu, wifi yake, karibu nusu saa. Akainuka, akajipangusa vumbi nyuma, akarudi ofisini bila kugeuka.

Spana aliona. Nyundo aliona. Mimi niliona. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mteja alipokuja saa kumi alisimama mbele ya gari lake muda mrefu. Yalikuwa mabonde mawili ya mviringo, yamekaa bega kwa bega, kina chake sawasawa, na kituta chembamba katikati. Akauliza kwa upole ni nani aliyekaa hapa.

Shangazi akatoka ofisini, akaona, akawaka. Hakuwa anaigiza. Alisema tangu marehemu afungue gereji hii hakuna mteja aliyewahi kufanyiwa ufedhuli wa namna hiyo, akaagiza kadi. Akaisoma kuanzia juu. Alipofika chini sauti ikampungua.

"Ni wewe?"

"Jina ni langu, Shangazi."

"Sikuulizi jina. Umekaa?"

"Sijakaa."

"Basi nani?"

Nikatazama tambara langu. Kuna maneno ambayo mtoto hamwambii dada wa baba yake, na mengi ya hayo yanahusu sehemu ya kukalia.

Shangazi akawageukia mafundi, akawaambia nyani haoni kundule, kwa hiyo kila mmoja ajiangalie vizuri kabla hajafungua mdomo. Nyundo alishikwa na kikohozi mpaka akakumbatia nguzo.

Kwa kadi, kesi ilikuwa imekwisha. Lakini mpima viwanja alikataa. Alisema katika kazi yake mpaka hauwekwi kwa kusoma jina la mtu kwenye karatasi, unawekwa kwa kipimo, na kwamba binti huyu ndani ya mabonde yale atakuwa kama yai ndani ya sufuria. Akatoa futi kamba kwenye buti la gari, akapima upande hadi upande: sentimita hamsini na nane. Akaandika kwenye daftari.

Shangazi anapenda haki. Akaamuru kila mtu akae, apimwe.

Spana akakaa, ikabaki nafasi kulia na kushoto. Akashuka, akachukua kadi kuandika jina, maana amegusa gari, kisha akagundua kwamba sasa yeye ndiye mkono wa mwisho. Akamsihi Nyundo akae haraka. Nyundo akakaa kwa sharti kwamba Spana akae tena baada yake. Walipofika kukaa mara ya tatu kila mmoja, Shangazi akatangaza kwamba haya ni majaribio, hayaandikwi. Wakakalishwa wawili kwa pamoja, wakazidi kwa paja moja. Mimi nilizama. Muuza matairi wa jirani, mtu mnene, aliitwa, akaja bila kuuliza ni kwa nini, akakaa, akapungua vidole vinne, akaenda zake amefurahi.

Mpima viwanja akasoma daftari lake. Akainua macho polepole akamtazama Shangazi, kuanzia begani kushuka. Kisha akatazama mawingu.

"Mama, wa hapa ndio hawa tu?"

"Ndio hawa tu."

"Hakuna mwingine kabisa?"

"Angekuwepo ningemficha?"

Akakunja futi kamba yake. Hata yeye na taaluma yake alishindwa.

Shangazi akanivuta kando, macho yamelowa. Akasema sheria ameiandika yeye kwa mkono wake, na akiipindisha kwa damu yake hatakuwa na uso wa kuwatazama hawa. Nivue. Ile mpya ya ofisini atampa mwingine.

Nikaomba nimwarifu mama kwanza kwamba narudi nyumbani. Akaniruhusu. Nikaandika ujumbe: Mama, mpigie wifi yako sasa hivi, uongee sana. Kisha nikabeba benchi la wateja nikalipeleka nyuma kulisugua, maana lilikuwa chafu kweli. Nikarudi, nikaondoa na ndoo.

Simu ikalia.

"Haloo, wifi," akasema Shangazi, na mwili ukaanza safari. Ukapita pale benchi linapokaaga. Ukapita pale ndoo inapokaaga. Ukafika kwenye gari jeupe, ukageuka, ukakaa. Safari hii bati halikusema kitu. Lilimpokea kimya, kama kiatu cha zamani kinavyopokea mguu wa mwenyewe.

Akamjulia mama hali, akauliza goti. Kisha akaanza kumweleza msiba uliotupata: kuna mtu amekalia gari la mteja, wifi, hebu fikiria, mtu mzima na akili zake, anakwenda kukalia boneti ya watu. Hapo maneno yakaanza kupungua kasi. Mkono wake ulishuka, ukapapasa bati pembeni ya paja, ukazunguka ukingo wa bonde mpaka mwisho.

"Wifi, nitakupigia."

Hakuinuka.

"Spana, uliona?"

"Niliona nini, bosi?"

"Nyundo?"

"Mimi nilikuwa chini ya gari."

"Gari gani?"

Nyundo akafikiri. "Lolote."

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Niliona, Shangazi."

"Na ulikuwa unakubali kuvua?"

"Nilikuwa sijavua bado."

Akaagiza kadi, akaandika jina lake na saa chini ya langu. Halafu akaagiza ovaroli, kwa sababu sheria inasema kuvua, na huwezi kuvua usichovaa. Tukaleta ya marehemu, ndiyo kubwa kuliko zote. Zipu ilifika kiunoni ikakataa. Akasimama nayo chini ya kibao, akaivua, akaitundika, akaniachia funguo za geti. Akamwambia mteja gari lake litanyooshwa na gereji, alifuate Jumamosi. Akaenda nyumbani. Mpima viwanja akaandika kitu kwenye daftari na kulifunga.

Ijumaa kutwa Nyundo aligonga. Jumamosi mteja akaipapasa boneti yote, akaondoka ameridhika.

Jumatatu nilifungua geti saa moja, nimevaa ovaroli yangu mpya. Shangazi alikuwa nje, viatu vya chini, bila mkoba. Akaniamkia kabla sijamwamkia, jambo lililonitia aibu, akauliza kama kuna kazi. Spana alijificha nyuma ya lori.

Nikamwambia nafasi ipo moja, ya kufuta vioo na kufua matambara.

"Na simu ikilia?"

Nikamwonyesha benchi. Niliamka alfajiri nikalifunga na bolti nne, kando ya geti, mbali na magari.

Akalitazama, akaenda, akakaa kidogo kulijaribu.

"Hili liko imara," akasema. "Nani kafunga?"

"Mimi, Shangazi."

"Andika jina lako."