Unampakia Nani Wanja?

Siku niliyotoka eda, kitu cha kwanza nilichokitafuta si viatu wala mtandio. Nilitafuta kidau changu cha wanja, kile cha shaba alichoniachia mama, na kijiti chake. Tangu nivunje ungo sijakaa bila wanja, isipokuwa miezi hii minne na siku kumi ya kumlilia mume wangu. Nilikaa eda kama inavyotakiwa, Mungu shahidi. Kila asubuhi nikiuona kwenye kioo uso nisioujua, najiambia, vumilia Wisal, utarudi.

Droo ilikuwa tupu.

"Mutasim!" nikamwita mwanangu. "Wanja wangu uko wapi?"

Akatazama sakafu, dume zima lenye mvi. "Shangazi Inshirah aliuchukua, mama. Alisema utakutia majaribuni. Na kwani sasa unautakia nini? Watu watasema unatafuta mume."

"Hao watu ndio wanaonilisha?"

"Mama, umri wako..."

"Umri wangu umekukosea nini? Nipishe!"

Inshirah ni wifi yangu, dada wa marehemu. Naye ni mjane, mwaka wa kumi na moja huu, na tangu afiwe hajavua nguo nyeusi, wala hajachoka kutukagulia sisi wengine rangi za mitandio. Nimemvumilia mengi. Alinichagulia mapazia, akanichagulia hata jina la mtoto. Lakini uso wangu? Aa, hapo hatuelewani.

Nikapanda ngazi za mji wetu wa Salt, mji wa vilimani, mpaka kwake, magoti yakilalamika njia nzima. Nikamkuta sebuleni na wanawake wa mtaani, wanakunywa chai.

"Karibu wifi, Mungu akuzidishie subira."

"Subira ninayo. Nimefuata kidau changu."

Mama Ghalib, jirani yetu asiye na breki mdomoni, akaangua kicheko. "Jamani! Udongo wa kaburi haujakauka, bi harusi keshataka wanja! Unampakia nani, mwenzetu? Mwenyewe hayupo."

"Pilipili usiyoila yakuwashiani, Mama Ghalib?"

Inshirah akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nilikuwekea kwa heri yako, wifi. Pambo la mjane ni subira." Akaingia chumbani, akatoka nacho kimefunikwa kitambaa, akanikabidhi bila kunitazama.

Sikuondoka nacho. Nikaketi palepale katikati yao, nikachovya kijiti, nikafumba jicho, nikakipitisha. La pili vilevile. Mkono haukusahau. Wallahi, niliona raha mpaka nikataka kulia.

"Umeniuliza nampakia nani," nikamwambia Mama Ghalib. "Nilikuwa najipaka kabla sijamjua Abdulmuhsin. Nikaolewa naye, nikampenda, nimemzika. Aliyekuwa akipakwa wanja ni mimi, na mimi sijafa."

Nilipotaka kukifunga kidau ndipo nikachungulia ndani. Nilikiacha kimejaa pomoni. Sasa kilikuwa nusu.

Nikamtazama wifi yangu, safari hii nikamtazama vizuri. Pembeni mwa jicho, kwenye mikunjo, palikuwa na weusi ambao sabuni haikuufikia. Lo! Kisebusebu na kiroho papo! Damu ikanichemka. Kumbe ananizuia mimi, na yeye anajipaka changu! Neno la kumwumbua mbele ya mtaa mzima lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikaikumbuka miaka yake yote hiyo, mwanamke amejifungia na kioo, anapaka, kisha anafuta mbiombio kabla hajapigiwa hodi. Nikamwonea huruma, na hasira haikuniisha.

Nikamsogezea kidau mbele ya wote.

"Wifi," nikasema, "wanja haupakwi kwa kujificha. Utajichoma jicho bure."

Kikombe cha Mama Ghalib kikabaki hewani. Inshirah akaiva uso mzima, akafungua mdomo, nami nikajiweka tayari kwa matusi, maana namjua. Akawatazama wageni wake mmoja mmoja. Kisha akavuta mto, akaketi mbele yangu, goti kwa goti, akainua uso.

"Basi nipake wewe," akasema. "Mimi peke yangu huwa napindisha."