Megahezi Arobaini

Marceline alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya Likasi, na hakuwa mtu wa kugombana na namba. Namba zikikataa, alizirudia. Lakini hizi mbili alizirudia wiki nzima na hazikusogea: kazi yake ilihitaji saa saba, na umeme wa mtaa wao ulikuja saa kumi na mbili asubuhi ukaondoka saa sita mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa majina. Mwaka uliopita watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa mjini, hata wale ambao babu zao waliletwa huku kuchimba shaba. Walilala wiki na wiki kituoni wakisubiri mabehewa, na behewa likija waliingia waliokuwa karibu na mlango. Mume akapanda leo, mke keshokutwa. Sista Adrienne, mtawa mfupi mwenye viatu vya mwanamume, alikuwa ameandika majina elfu kumi na moja palepale kituoni. Kule Mwene-Ditu, mji wa Kasai, watawa wenzake waliandika waliofika, elfu tisa. Orodha hizo mbili sasa zilikaa kwenye disketi ndani ya sebule ya Marceline, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kompyuta. Aliachiwa na mwalimu Mbelgiji aliyeondoka mwaka wa tisini na moja, pamoja na kikaratasi kinachoomba ifunikwe isiingie vumbi.

Programu ililinganisha kila jina na kila jina kwa jinsi linavyosikika, maana huku waliandika Tshibangu na kule wakaandika Cibangu. Kisha ilikusanya familia. Haikuandika kitu mpaka imalize. Bertin, fundi wa redio, alipouliza kwa nini asiikate orodha vipande, Marceline alimjibu, "Ukiikata orodha katikati, unakata na familia. Hiyo ilishafanyika."

Sista angepanda lori la kwenda Kasai na matokeo siku ya Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Bertin alifungua sanduku la kompyuta, akaangalia ndani kama anayetazama kinywa cha mgonjwa.

"Madame, hii ordinateri iko natembea polepole juu bale bantu ba fabriki baliiambia itembee vile. Megahezi makumi tatu na tatu. Lakini inaweza kukimbia."

"Kukimbia mupaka wapi?"

"Mupaka itaungua."

"Na mbele ya kuungua?"

"Mbele ya kuungua kuko kanafasi kadogo. Njo pale tutaenda."

Akamwonyesha vifuniko vidogo vya plastiki vilivyounganisha sindano mbilimbili kwenye ubao wa ndani ya sanduku. Ukikihamisha kimoja, prosesa, ubongo wa kompyuta, hubadili mwendo. Makumi tatu na tatu, arobaini, hamsini. Marceline alichukua chaki, kwa mazoea, kisha akaandika kwenye karatasi. Kwa arobaini kazi ingechukua saa tano na dakika hamsini. Zingebaki dakika kumi.

"Tatizo ni moto," Bertin alisema. "Ikikimbia inapata moto, na ikipata moto inaanza kusema bongo, inadanganya. Inapashwa kuvaa radiateri ya kuipoza, na miye sina."

Mume wake Marceline, Damas, alikuwa ameketi dirishani muda wote huo. Alikuwa mchoraji wa ramani kiwandani, mtu wa Kasai, na mwaka wa kufukuzwa alijificha miezi miwili Kakontwe, nyumbani kwa mama mkwe wake, nyuma ya magunia ya makaa. Dada yake Mbombo na watoto wake wanne hawakuwa na mkwe wa kuwaficha. Walipanda treni mwezi wa tatu, na kwa miezi kumi na mitatu hapakuwa na habari. Tangu hapo Damas alisema yaliyo lazima tu: chumvi, mlango, asante.

Sasa aliinuka, akaondoa ukutani bamba lake la shaba nyekundu, zawadi ya miaka ishirini na mitano ya utumishi mwaminifu, akaliweka mezani. Kisha akatoa rula.

"Uko nafanya nini, Baba Aimée?" Marceline aliuliza.

"Niko napima."

Radiateri yenyewe haikuzidi kiberiti, lakini Damas aliichora kwa juu, kwa mbele na kwa upande, mara nne ya ukubwa wake, akaandika vipimo kwa milimita na kutia sahihi pembeni. Bertin alisema mchoro si lazima. Damas alimtazama mpaka akaomba samahani. Siku nzima ya Jumanne alikata bamba kwa msumeno wa chuma, akachonga mapezi manane membamba ili hewa ipite. Alianza kwenye neno "mwaminifu". Marceline alipomuuliza kwa nini pale, alisema pale ndipo herufi zilipokuwa nene.

Bertin alipaka mafuta meupe ya kupozea transista, kiasi cha kipande cha ukucha, akakilaza kile kiradiateri juu ya prosesa na kukifunga kwa waya. Feni ya mezani ikawekwa ubavuni, sanduku likiwa wazi. Siku iliyofuata, umeme ulipokuja, alihamisha kifuniko moja kwa moja hadi hamsini.

"Nilisema arobaini," Marceline alisema.

"Kuona tu, Madame."

Waliona. Kadi ya picha ilipanda mwendo pamoja na prosesa, na skrini ikajaa vidoti kama mtama uliomwagika. Kompyuta hata hivyo iliendelea kufanya kazi, na hilo ndilo lililomtisha Marceline. Alikuwa ametayarisha orodha mbili fupi za wanafunzi wake arobaini na watatu, ambazo majibu yake alishayapata kwa mkono. Mashine ilitoa majibu arobaini na manne, bila kusita. Ilisema Deborah ni mama wa Deborah.

"Kosa moja tu," Bertin alisema.

"Kosa moja ni muntu moja. Tunamutuma mama mu muji wa mbali kutafuta mutoto hakumuzaa. Rudisha."

Kwa arobaini vidoti vilipungua. Bertin alihamisha kifuniko kingine, kwenye kadi yenyewe, kinachoiambia isubiri kidogo kila inapoitwa, na skrini ikatulia. Alitaka kuiongezea mwendo kadi nayo, rangi zionekane vizuri.

"Majina hayana rangi," Marceline alisema.

Aliendesha ile orodha fupi mara kumi. Mara kumi ilitoa arobaini na matatu, na Deborah hakumzaa mtu. Kila baada ya nusu saa Bertin aligusa mapezi ya shaba kwa kidole na kuhesabu. Akifika kumi bila kuondoa kidole, ni salama. Alifika kumi kila mara, ingawa mara mbili alihesabu upesi.

Alhamisi umeme ulichelewa dakika saba. Dakika kumi zikawa tatu. Marceline aliwasha, Bertin akatazama sindano ya stabilaiza, kisanduku cha kusawazisha umeme, na saa kumi na mbili na dakika tisa hesabu ikaanza. Walibaki na dakika moja.

Hakuna mtu aliyepika, kwa kuogopa jiko la umeme. Jirani alikuja kuomba kuchaji betri, Damas akamwambia mlangoni, "Kesho," na jirani akaondoka akishangaa kusikia sauti yake. Saa nne mwanga ulififia, feni ikapunguza mwendo, sindano ya stabilaiza ikashuka ikagusa mstari mwekundu. Damas alichukua mfuniko wa sufuria akaanza kupepea prosesa. Umeme ulirudi sawa baada ya dakika mbili. Yeye aliendelea kupepea saa nzima, na hakuna aliyemwambia aache.

Saa sita kasoro dakika moja mashine ilisema imemaliza. Ilichukua dakika mbili kuandika disketi, ikikwaruza kama kuku. Umeme ulikuwa bado upo. Yule wa kukata alichelewa naye. Marceline alitoa disketi, na akiwa bado ameishika, feni ikasimama.

Walikaa wakiitazama disketi. Majibu yalikuwa mle ndani, na yasingesomeka mpaka kesho asubuhi.

"Tungesoma jina moja tu," Damas alisema.

"Tungeyapoteza yote," mkewe alisema.

Ijumaa Sista Adrienne alifika mapema, lori likiunguruma nje. Mashine ilikuwa imeunganisha familia mia tatu na kumi na mbili. Sista alisoma mistari michache kwenye skrini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Marceline alitafuta herufi M, hakuona. Damas alinyoosha kidole kwenye B. Bombo, mwanamke, Mwene-Ditu, kutoka Likasi. Watoto watatu.

"Banne," Damas alisema. "Balipanda banne."

Alihesabu tena kwa kidole. "Labda ordinateri ilikimbia sana," akasema.

Marceline hakubishana. Alifungua orodha ya Mwene-Ditu yenyewe, ile ambayo mashine haikuibadilisha, akaisoma kwa macho, polepole, kidole kwenye skrini. Watatu. Mashine haikukosea. Damas aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitikia salamu, akaandika barua hapohapo, ukurasa mmoja, akampa Sista.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Mbombo yupo, anauza mihogo, anaishi kwa binamu. Cédrick, mtoto wake wa mwisho, alifariki kwa surua karibu na Kamina, siku ya nne ya safari. Walimzika kando ya reli, na mtu aliyekuwa na kipande cha mkaa aliandika jina lake juu ya jiwe.

Damas aliisoma barua mara mbili, akamsomea mkewe. Jioni ile alizungumza sana. Alieleza jinsi Cédrick alivyokuwa akiita kila gari "baba". Marceline alimsikiliza mpaka mwisho.

Mwezi wa saba Damas alipanda lori la kwenda Kasai na sanduku moja, kumtazama dada yake. Marceline alibaki. Kutoka Mulungwishi, kituo kingine cha reli, alikuwa ameletewa orodha nyingine, majina elfu mbili na mia sita, na baadhi yameandikwa kwa penseli.