Namba Arobaini na Tatu

Hakuna aliyejua ni darasa la mwaka gani lililombandika jina la Bi Dakika, lakini lilimkaa vizuri kuliko hata lile la kwenye vyeti vyake. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kufundisha wataalamu wa maabara za hospitali, na kila muhula aliuanza vilevile: aligawa karatasi moja ya njano yenye sheria kumi na mbili, akakaa kimya mpaka kila mtu aisome, kisha akapita meza kwa meza kukusanya saini. Kubembeleza hakukuwa kwake. Kazi iliyochelewa siku moja ilikatwa alama tano kati ya mia, na ya siku ya nne haikupokelewa hata ije imefungwa utepe. Aliyenakili na aliyenakiliwa walipewa sifuri moja, wagawane wenyewe.

Iliyowatoa watu jasho, hata hivyo, ni ile ya kwanza kabisa. Saa mbili kamili asubuhi kiranja wa darasa alifunga mlango wa maabara kwa ufunguo, na aliyebaki nje alibaki nje mpaka mapumziko ya saa tatu. Namba yake iliingia kwenye daftari la wachelewaji, lenye safu tatu tu: namba, dakika, saini. Safu ya sababu haikuwepo. Aliyefikisha mistari mitano aliuona mtihani wa mwisho kwa macho ya wenzake. Ukimuuliza Bi Dakika roho ngumu hiyo ya nini, alikuonyesha kipimo cha damu na saa ya ukutani. Kipimo cha kusomwa dakika ya kumi, alisema, ukikisoma dakika ya kumi na nne kinakudanganya, na uongo huo utauandika kwenye jalada la mgonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi wa funguo, na kufuli la mlango ule aliliweka yeye. Alipenda kumtania kwamba katika miaka yake yote ya kazi amewafungulia watu milango, ila mke wake ndiye pekee aliyemwomba mlango wa kuwafungia watu nje. Ufunguo mmoja mhudumu wa usafi aliufungulia mlango alfajiri na kuutundika ndani, autumie kiranja au, akichelewa yeye, msaidizi wake. Wa akiba ulikaa kwenye mkoba wa Bi Dakika, na haukuwahi kutumika, kwa sababu saa moja na nusu kila siku alikuwa tayari ndani akifuta hadubini.

Muhula huu mambo yalimwendea kombo. Wanafunzi thelathini na mmoja kati ya arobaini na wawili walitia saini barua kwa bodi ya taaluma. Aliyeiandika alikuwa kiranja mwenyewe, mama wa watoto wawili aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi kabla ya kurudi shule, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa jinsi alivyojua kubishana bila kupandisha sauti. Naye alikuwa na mistari mitatu kwenye daftari. Barua ilikuwa ya siri, kwa hiyo Bi Dakika hakuonyeshwa. Aliambiwa tu na mkuu wa idara kwamba darasa linalalamikia sheria zake, na kwamba bodi itamtuma mkaguzi akae darasani kipindi kimoja. Baada ya hapo itaamuliwa kama karatasi ya njano ibaki au iondolewe.

Lilimuuma, tusidanganyane. Nyumbani alijifanya hajali, lakini siku tatu hakumaliza chakula chake. Kama karatasi ile ilikuwa upuuzi, basi hata miaka kumi na tisa ilikuwa upuuzi, na wale wote aliowafungia nje aliwaonea bure.

Siku ya ukaguzi alifika mapema kama kawaida, ila mkuu wa idara alimwita ofisini. Huyu mkuu alikuwa mwanafunzi wake zamani, mtu mwema, mwenye maneno mengi. Alitaka kumpa moyo. Akaeleza mkaguzi ni mama wa namna gani, anapenda nini, hapendi nini, akarudia, akatia chumvi. Bi Dakika alikuwa akiangalia saa ya ukutani ya ofisi, maana ya mkononi ilikuwa imekufa betri tangu Jumapili na mumewe alikuwa bado anaahidi. Saa ya ofisi ilisema bado dakika kumi. Ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na mbili.

Alilijua hilo ghorofa ya pili, alipomwona mhudumu wa usafi akikunja mopu yake. Mhudumu yule alimaliza korido saa mbili kamili, siku zote. Bi Dakika alikimbia, na kwa umri wake haikuwa jambo dogo. Kufika, mlango umefungwa. Alipoushika mkono wa kitasa haukucheza hata kidogo. Kupitia kioo cha juu aliona saa ya maabara: saa mbili na dakika nne.

Mkuu wa idara alifika nyuma yake akihema.

“Mwalimu, ufunguo si unao kwenye mkoba? Fungua tuingie. Mkaguzi yuko ndani tayari.”

Bi Dakika aliingiza mkono mkobani. Ufunguo aliugusa, hilo halina ubishi. Angefungua, angeomba radhi, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole waziwazi. Angeweza hata kusema ukweli mtupu kwamba aliitwa ofisini. Kisha aliutoa mkono, mtupu.

“Wewe nilikuacha hapa nje mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Ulikuwa na sababu?”

Mkuu aliangalia viatu vyake. “Mara mbili usingizi tu. Mara moja mama alikuwa amelazwa.”

Hilo Bi Dakika hakulijua. Angelijuaje, na daftari lenyewe halikuwa na mahali pa kuliandika?

“Mlango ulifunguliwa?”

“Haukufunguliwa, Mwalimu.”

“Basi na leo hautafunguliwa.”

Mkuu alikwenda akaleta kiti. Akaambiwa akirudishe. Alikirudisha, akaja kusimama kando yake, na hapo wakabaki wawili wakiegemea ukuta kama watoro waliokamatwa.

Ndani, sauti zilipenya kwenye mwanya wa juu wa dirisha. Mkaguzi alisema amemwona mwalimu kupitia kioo, afunguliwe. Bi Dakika alisogea karibu na mlango, wala hakujua anaomba jibu lipi.

“Samahani sana, mama,” Wakili akasema. “Saa mbili imepita. Tutamfungulia saa tatu, kama tunavyofunguliana sisi.”

Kisha akaanza kipindi. Aliwagawa kwenye meza, akawakumbusha makoti na glavu, akahakikisha kila mmoja ameandika muda aliodondosha tone la damu. Bi Dakika aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, hata ile tabia yake ya kugonga meza mara mbili kabla ya kusema. Saa ilipofika, Wakili aligonga mara mbili.

“Dakika ya kumi. Someni sasa.”

Karatasi zikachakarika. Halafu sauti ya nyuma, ya mwanafunzi ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono, ikasema kwa upole kwamba yeye alikuwa bado anarekebisha taa yake, dakika ya kumi imempita, kwa hiyo anakitupa kipimo chake na kuanza upya. Hakuna aliyemcheka. Wala hakuna aliyemwambia asome tu, mkaguzi hataona.

Pale koridoni Bi Dakika alivimba kifua mpaka vifungo vya koti vikalalamika. Aliwahi kutunukiwa cheti cha mwalimu bora, akakitia kabatini chini ya mashuka. Siku alipokipokea hakikumpa nusu ya furaha hii. Macho yalimlowa na hakujisumbua kuyaficha, na mkuu wa idara, kwa adabu aliyofundishwa, alijifanya anasoma tangazo la ukutani.

Saa tatu kamili ufunguo ulizunguka. Mkaguzi alikuwa wa kwanza kutoka, barua mkononi. Alimwambia Bi Dakika kwamba kwa kuwa kila mmoja ameshaona la kuona, siri haina kazi tena. Akasoma mistari miwili ya mwisho: “Hatuombi sheria zilegezwe. Tunaomba tu kujua kama zinamhusu na yeye.”

Mbele ya Bi Dakika alisimama Wakili na daftari la wachelewaji, kalamu imelala katikati. Daftari lilikuwa wazi. Orodha ya darasa iliishia namba arobaini na mbili, kwa hiyo alikuwa ameongeza moja: arobaini na tatu, dakika nne.

Ofisi, saa ya mkuu, betri, vyote vilimjaa Bi Dakika mdomoni. Alivimeza, akatia saini. Halafu akaazima rula na kuchora mstari wa safu ya nne, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, pole pole, unyooke. Juu ya safu hiyo akaandika: sababu.

“Mlango hautafunguka,” alimwambia Wakili. “Lakini nataka nijue. Anza na ile mitatu yako.”

Bodi iliamua karatasi ya njano ibaki, na mume, kwa aibu, alinunua betri jioni ileile. Hayo ni ya pembeni. Kesho yake Bi Dakika alikuwa ndani saa moja na nusu, akifuta hadubini. Saa mbili kamili Wakili alifunga mlango, akafungua orodha, akaanza kuita. Alipofika arobaini na mbili hakufunika kitabu. Aliinua macho, na darasa zima likageuka kumtazama mwalimu wao.

“Arobaini na tatu?”

Bi Dakika aliweka kitambaa chini, akasimama wima kama alivyowafundisha wao kusimama.

“Nipo.”